Sanamaki ya Alhamisi

Mwanangu Rashidi,

Bi Mishi hakumlisha mama yako kitu kibaya. Hilo nimelijua tangu siku ile ile mama yako alipofariki, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuacha uamini kinyume chake. Nimeliandika mwanzo, kabla hata ya kukusalimu, kwa sababu najifahamu: nikianza na salamu nitazunguka, na nikizunguka sitafika.

Sasa nakusalimu. Umekwenda Diani kuwaaga wajomba zako na utarudi magharibi. Kesho asubuhi utapanda basi la Likoni, na baada ya hapo gari la moshi, ukaanze kazi yako ya ukarani Nairobi. Mimi nimekaa kitandani ukumbini, naandika mistari michache, napumzika, naandika tena. Unaniona nilivyo. Uji wa asubuhi haukukaa tumboni. Dresa wa zahanati alipokuja juzi alinibonyeza chini ya mbavu, kisha akaniuliza habari za mvua. Nimekuwa karani na mkalimani miaka ishirini na saba, mwanangu, na mtu akibadilisha mazungumzo namjua. Sidhani kwamba utarudi unikute.

Habari za sanduku, blanketi na nauli shangazi yako amekwisha kukueleza mara tatu, nami sitazigusa. Mimi nitakuandikia habari za tumbo. Ucheke ukitaka. Baba yuko karibu na kaburi, na wasia wake ni mambo ya choo. Lakini mama yako alikufa kwa mambo hayo, na juzi nilipokuona umesimama nyuma ya nyumba na kikombe, umeziba pua unameza, nilirudi ndani nikafungua sanduku lako. Kopo ulilokuwa umelifunga humo, lile la sanamaki, majani ya haluli ya kuendesha tumbo, nimelitoa. Usiniulizie. Nimeyatia majani yake shimoni.

Bibi yako, mama yangu, hakujua sanamaki mpaka alipozeeka. Alikula wari, ugali wa mtama, kunde, na mboga ya mchunga ile chungu ambayo watoto huikunjia uso. Alikunywa maji ya mtungi kila alipopita karibu nao. Alfajiri aliingia kichakani, akatoka, akachukua jembe, basi. Sikumsikia hata siku moja akilitaja tumbo lake isipokuwa anapokuwa na njaa. Mimi nilipelekwa skuli nikafundishwa kukaa kwenye kiti, na tangu hapo nikawa mtu wa kukaa. Nilipopata kazi ya ukarani Kwale, nilikaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Chai nzito ya sukari asubuhi, boflo, chai tena, jioni wali mweupe na mchuzi. Mchunga nikauita chakula cha shamba. Maji nilikunywa kwa nadra, kwa sababu mtu akinywa maji itambidi ainuke.

Na kuinuka ndiko kulikonishinda. Choo kilikuwa nyuma ya ofisi, ng'ambo ya uwanja, na uwanjani tangu asubuhi walikaa watu waliokuja na shida zao: wenye mashauri ya minazi, wenye ugomvi wa mipaka, wazee niliowaamkia shikamoo na vijana walioniamkia mimi. Kufika chooni ilinibidi nipite katikati yao nikiwa na kopo la maji mkononi. Ubebapo kopo huna la kujificha, kila mtu anajua uendako, na akikaa kimya ni kwa adabu tu. Mimi mwenye koti juu ya kanzu, mwenye kalamu mfukoni, nikaona haya. Nikazuia. Siku ya kwanza tumbo liliniita mara tatu. Baada ya mwezi liliniita mara moja. Baada ya mwaka likaacha kuniita.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sanamaki. Kwanza mara moja kwa mwezi, kama wengi wa zama zangu waliokuwa wakiosha tumbo. Halafu kila wiki mbili. Halafu kila Alhamisi, ili nifike msikitini Ijumaa nikiwa mwepesi. Niliona fahari. Nilichemsha majani na kipande cha tangawizi, nikachuja kwa kitambaa cheupe, na harufu yake ikawa harufu ya Alhamisi nyumbani kwetu. Sikujua kwamba utumbo ukizoea kupigwa ili utembee, utakaa chini kama punda na kungoja fimbo. Nilivyokunywa zaidi ndivyo nilivyohitaji zaidi. Kisha nikaona kwamba kilichonifaa mimi kitaifaa nyumba nzima, na mama yako naye nikampangia kikombe chake.

Hakukipenda. Mama yako Halima alikula na Bi Mishi mara nyingi kuliko alivyokula nami, na tumbo lake lilikuwa zima. Bi Mishi alikuwa mjane wa Bongwe aliyekuja Kwale akapanga chumba ukuta kwa ukuta na sisi. Alipika vitumbua asubuhi na kuviuza, na adhuhuri alipika chakula chake mwenyewe na kumwita mama yako kwa kugonga ukuta. Kunitania hakuogopa. Siku moja alinikuta barazani nakula boflo, akasimama, mkono kiunoni.

“Karani, wala pamba tena?”

“Huu ni mkate, Bi Mishi.”

“Mkate una ladha. Hiyo ni pamba, na pamba hutiwa kwenye mto. Ndiyo maana tumbo lako limelala.”

Mama yako alikuwa mlangoni, akaficha mdomo kwa leso. Bi Mishi alipomwona anacheka akaongeza: “Shemeji, mdomo wako umehamia Ulaya na matumbo umeyaacha Udigoni. Yaandikie barua basi, yajue ulipo.”

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikunja uso. Leo ningetoa chochote nilichonacho nisikie kicheko kile, hata kama ni cha kunicheka mimi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniamsha. Miezi michache kabla ya msiba, daktari wa Kizungu alizunguka vijijini akifanya mabaraza ya kuwahubiria watu habari za safura na vyoo, na mimi nilichukuliwa niwe mkalimani wake. Matuga walikuja watu wengi. Yeye alisema kwa Kiingereza, mimi nikageuza kwa Kiswahili, na kwa wazee waliokuwa mbele nikarudia kwa Kidigo. Alipomaliza habari za safura aliongeza neno moja, kwa sababu alikuwa ameletewa wagonjwa waliochelewa. Nililitafsiri hivi, na nalikumbuka kama Alhamdu: “Mtu akishikwa na tumbo kwa ghafula, akatapika, kisha maumivu yakashuka upande wa kulia, msimpe haluli ya aina yoyote. Msimpe sanamaki, wala mafuta ya mbarika, wala chumvi ya haluli. Kuna kijiutumbo kimevimba humo, na haluli itakipasua. Msimpe kitu. Mleteni.”

Sauti yangu ilikuwa nzuri siku hizo. Mzee mmoja aliyekaa mbele akaniuliza, “Karani, hayo ni maneno ya daktari au yako?”

“Ya daktari, mzee wangu.”

“Na wewe wasemaje?”

“Mimi kazi yangu ni kutafsiri.”

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilikuwa nimesema kweli tupu. Kazi ya mkalimani ni kuyapitisha maneno bila kuyazuia njiani. Kwa miaka mingi nilitafsiri hukumu za watu, viapo vyao, vifo vya watoto wao, na jioni nilikwenda nyumbani kula wali kana kwamba sikusikia. Niliyaona maneno kuwa mali ya wenyewe, anayesema na anayeambiwa. Jioni ile ile ya Matuga ilikuwa Alhamisi. Nilirudi nyumbani nikachemsha sanamaki.

Wewe ulikuwa Diani kwa bibi yako mzaa mama tumbo lilipomshika Halima. Ilikuwa Alhamisi pia. Adhuhuri alikuwa amekula kwa Bi Mishi wari wa mtama, mchunga na kunde za nazi. Nilipotoka kazini nilimkuta amejikunja juu ya mkeka, anasema kitovu kinamkata. Alikuwa ametapika mara moja.

Nikamwambia, “Ni uchafu umekaa. Nilikwambia chakula kile ni kizito.”

“Si chakula, Baba Rashidi. Asubuhi niliamka hivi hivi, kabla sijala. Kule nilikula matonge mawili tu, nisimvunje moyo.”

“Basi utakunywa kikombe chako, utalala vizuri.”

“Leo niache. Leo nakuomba uniache.”

Niliketi karibu naye na kikombe. Sikumpigia kelele. Nilimwambia kwa upole, na upole ule ndio ninaouogopa sasa, kwa sababu angekataa ukali lakini upole hakuuweza. Akanywa. Akatapika nusu, nikamjazia tena. Alfajiri ya Ijumaa aliniambia maumivu yamehama kitovuni, yamekaa hapa, akashika upande wa kulia, chini. Nilitazama mkono wake ulipokaa. Nikachemsha kikombe cha tatu.

Utauliza kama sikuyakumbuka maneno ya Matuga. Nimejiuliza swali hilo kila nilipotia udhu. Jibu langu ni kwamba niliyakumbuka kama mtu anavyokumbuka jina la mji wa mbali. Yalikuwa ya wale watu wa barazani, wasiosoma, wanaochelewa. Sikudhani kwamba mimi niliyeyatamka nilikuwa miongoni mwa walioambiwa.

Karibu na saa sita mchana maumivu yakatulia ghafula. Akavuta pumzi ndefu, akaomba maji. Nikasema Alhamdulillahi, dawa imefanya kazi. Nikavaa kanzu safi nikaenda kuswali Ijumaa, na njiani nilimsimulia jirani mmoja jinsi sanamaki ilivyomwokoa mke wangu. Niliporudi tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao, mwili unawaka, na macho yameingia ndani. Mjomba wako Salimu, ambaye wakati huo alikuwa seremala pale pale Kwale, alitafuta lori, tukamlaza juu ya godoro na kumpeleka zahanati. Alifariki siku ya pili yake, Jumamosi.

Yaliyofuata unayajua, kwa maana uliletwa kwenye matanga na umekua ndani yake. Watu walisema ni chakula cha Bi Mishi. Vitumbua vyake vilianza kubaki. Wanawake walikuwa wakisubiri ateke maji na aondoke ndipo wasogee kisimani. Mwenye nyumba akasema anakihitaji chumba. Bi Mishi akarudi Bongwe na vyombo vyake kichwani, na huko nako maneno yalikuwa yamemtangulia. Wewe ulipokuwa na miaka kumi ulimtemea mate njiani, nami nilikuwa nimekushika mkono. Nilikukanya kwa sababu ya adabu. Sikukwambia kwamba umekosea. Na mwaka jana kwenye harusi ya Diani, ulipomwona anapita na sinia ulipindua sahani yako juu chini mbele ya watu. Alitazama sahani, akakutazama wewe, akapita. Mjomba Salimu alikupiga bega kukusifu. Yeye huapa mpaka leo kwamba alilipata jambo hilo kwa marehemu mwenyewe, na hasemi uongo. Nitalifikia hilo.

Wiki chache baada ya msiba mama mmoja wa Matuga alinijia ofisini na kuku wawili wamefungwa miguu. Mumewe alikuwa ameshikwa na tumbo, mama mkwe akataka kumpa mafuta ya mbarika, yeye akakataa kabisa, akasema karani amesema tusimpe kitu tumpeleke. Akapasuliwa, akapona. “Maneno yako yamenirudishia mume,” aliniambia, na watu wote uwanjani wakasikia. Nilipokea kuku wale. Sikuweza kuwala na sikuweza kuwauza. Walizeeka uani, unawakumbuka, wewe ndiye uliyekuwa ukiwapa chenga.

Nimekwenda Bongwe mara moja. Ilikuwa baada ya kustaafu, kabla sijahamia huku Msambweni. Nilimkuta Bi Mishi anapepeta mtama mlangoni. Hakusimama, lakini alinisogezea kigoda.

“Karani. Tumbo limeamka?”

“Bado, Bi Mishi.”

“Hulikumbushi njia, ndiyo maana.”

Akapepeta kidogo, kisha akauliza bila kuniangalia, “Wewe ulikuwa nyumbani siku ile. Mimi nimelipekua bakuli lile kichwani kwangu miaka yote hii. Mtama niliusafisha. Kunde nilizichagua moja moja. Mchunga tulichuma pamoja naye, na mimi nilikula, nikabaki mzima. Halima alikula nini tena baada ya kutoka kwangu?”

Nikamjibu, “Sikumbuki.”

Akaniambia, “Basi huenda nilikosea kitu.” Akasema hivyo, mwanangu. Mwanamke asiye na kosa ameanza kujitafutia kosa ili mambo yapate maana. Nikanywa maji aliyonipa, nikaaga.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokuomba, na ni moja tu. Basi la kesho hupita Ukunda mapema, na gari la moshi haliondoki mpaka jioni. Shuka Ukunda, nenda Bongwe kwa miguu, si mbali. Mwamkie, kaa, na akikupa chakula ule. Kisha msomee barua hii yote, usiruke mahali kwa kunionea huruma. Halafu umpe yeye aishike. Mjomba Salimu nitamtumia nakala, na imamu nitamwomba aje hapa nimweleze kwa kinywa changu nikiwa bado ninacho. Najua nakuongezea mzigo siku ya safari. Nilingoja siku nyingine, na siku nyingine zimekwisha.

Kuhusu wewe mwenyewe, nimekurithisha kiti. Huko utakaa kutwa kama nilivyokaa mimi, na utakula kile kitakachopatikana karibu. Sikwambii ule nini. Nakwambia tu kwamba tumbo likikuita, inuka, hata kama meza imejaa makaratasi na uwanja umejaa wakubwa. Hakuna hata mmoja kati ya wale niliowaonea haya aliyekuja kunishika mkono nilipokuwa najikunja. Kunywa maji. Tembea kabla ya kula na baada ya kula. Mchunga ukiuona sokoni, nunua, hata kama wenzako watakucheka. Na tumbo likikushika kwa namna usiyoijua, usilitibu kwa mazoea yako. Nenda kwa anayejua, na atakapokuuliza umekunywa nini, mwambie. Mwambie hata kama anayesikiliza ni shemeji yako.

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kumalizia, na shangazi yako ameleta maji ya moto ya kunioshea miguu. Nimemwambia angoje. Limebaki moja, na bila hilo yote niliyoandika ni nusu.

Nimekuandikia kwamba watu walisema. Watu hawakusema kitu mpaka mimi niliposema. Tulipomfikisha zahanati, dresa aliinama juu ya mama yako, akamgusa tumbo, akaniuliza, “Amekunywa nini? Kuna dawa yoyote? Haluli?” Mjomba wako Salimu alikuwa nyuma yangu, na mikono yangu bado ilinuka sanamaki. Nikajibu, “Hakunywa dawa. Alikula chakula cha jirani, Bi Mishi, na hapo ndipo alipoanza.” Dresa akaandika nilivyosema, akamtibu kama mtu aliyelishwa kibaya, na gari la kumpeleka kwenye hospitali ya upasuaji halikuitwa mpaka siku ya pili. Salimu akamwinamia dada yake akamuuliza, “Ni kweli, Halima?”

Mama yako alikuwa macho. Alikuwa amenisikia neno kwa neno. Alinitazama, kisha akamgeukia kaka yake, akasema, “Baba Rashidi amekwisha sema.”